Ishara za angani na vifo vya wanasayansi

Mhariri,

Kuna jambo linaniuma. Kila mwanasayansi anapofariki ghafla, wapo wanaokiunganisha kifo chake na ishara fulani kutoka angani, wakidai alijua mengi akanyamazishwa.

Ishara zenyewe huchunguzwa kwa subira kubwa. Tarehe 15 Agosti 1977, darubini ya redio ya Big Ear, Ohio, Marekani, ilinasa mawimbi makali kwa sekunde 72. Mwanaastronomia Jerry Ehman alipopitia karatasi za kompyuta alizungushia 6EQUJ5, herufi na tarakimu zilizoonyesha nguvu ya mawimbi hayo, kwa kalamu nyekundu, akaandika pembeni "Wow!" (yaani "Lo!"). Hakunyamazishwa na mtu, miaka 30 baadaye bado alikuwa akiandika hadharani kuihusu. Na kule kwenye kituo cha darubini ya redio cha Parkes, Australia, mawimbi yaliyowasumbua wataalamu kwa miaka mingi yaligundulika mwaka 2015 kuwa yalitoka kwenye maikrowevu ya hapo hapo kituoni, mlango ulipofunguliwa kabla haijamaliza kupasha chakula!

Kifo nacho kinastahili uchunguzi wa namna hiyo. Sisemi kila shaka ni uzushi. Palipo na shaka, maiti ipimwe, mashahidi wahojiwe, ripoti itolewe hata kama itawaudhi wakubwa. Lakini orodha ya marehemu waliofanya kazi moja si ushahidi, maana fani yenye maelfu ya watu haikosi misiba. Tena yupo mjane anayesoma hayo yote usiku, peke yake.

Nawaomba wahariri, kabla ya kuchapa neno "fumbo", muulize kwanza ripoti ya daktari inasemaje.

Msomaji wenu