Linibeka wa raundi ya sita hapimwi kama wa raundi ya kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi nijibu uchambuzi wenu wa drafti ya NFL, yaani siku ambazo timu za ligi ya futiboli ya Marekani huchagua wachezaji wapya kwa zamu, ule uliogawa alama kwa kila timu kisha ukawamaliza linibeka wote wa raundi za mwisho kwa sentensi moja: kwamba ni vijana wa kujazia kambi ya mazoezi. Kwamba wengi wao hawafiki mbali, hilo sipingi. Lakini uchambuzi unaoishia hapo haujamchambua mtu yeyote.

Kwa msomaji asiyeufuatilia mchezo huu wa Wamarekani, linibeka ni mlinzi wa safu ya pili. Mbele yake kuna majitu yanayosukumana mstarini, nyuma yake kuna wepesi wanaokimbizana na wapokeaji wa pasi. Yeye yuko katikati, na kufumba na kufumbua lazima aamue kama mpinzani atakimbia na mpira au atarusha. Akikosea hatua moja tu, yadi kumi zimeshakwenda. Drafti yenyewe ina raundi saba, na timu 32 hugawana vijana zaidi ya 250 wanaotoka vyuoni. Raundi ya nne hadi ya saba huangukia siku ya tatu, Jumamosi, na kwetu Kenya huanza saa moja jioni. Ndiyo sehemu pekee ya drafti ambayo mtu anaweza kuitazama bila kuchelewa kazini kesho yake, kwa hiyo nakiri nina upendeleo nayo.

Swali la kwanza kwa kijana wa siku hiyo ni hili: kwa nini ameangukia huku? Mwaka 1996 Miami Dolphins walimchukua Zach Thomas wa Texas Tech katika raundi ya tano, akiwa wa 154. Kosa lake lilikuwa kimo. Hakufika futi sita. Kambi ilipokwisha, kocha Jimmy Johnson alimwacha Jack Del Rio, mkongwe aliyesajiliwa kwa nafasi hiyohiyo, akampa kijana kazi. Mwaka 2023 Thomas aliingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa huko Canton, Ohio. Foyesade Oluokun alitoka Yale, chuo cha ligi isiyotoa ufadhili wa masomo kwa sababu ya michezo, na Atlanta wakamchukua wa 200 mwaka 2018. Msimu wa 2021 aliongoza ligi nzima kwa kuangusha wapinzani mara 192, akahamia Jacksonville na kuongoza tena mwaka uliofuata kwa 184. Matt Milano, raundi ya tano mwaka 2017, alionekana mwepesi mno kwa safu ya pili. Buffalo wakauona wepesi uleule kuwa ndio dawa ya kuwakaba wapokeaji.

Sababu hizi tatu hazifanani. Kimo hakiongezeki, lakini anayesoma mchezo mapema anaweza kukifidia. Kucheza dhidi ya wapinzani dhaifu si kasoro ya mchezaji, ni upungufu wa ushahidi. Na wepesi ni kasoro au sifa kulingana na kocha anataka nini. Kijana aliyeanguka kwa sababu anakosa watu mikononi, yaani anawafikia wapinzani kisha wanamponyoka, huyo mimi ningemwogopa zaidi kuliko mfupi yeyote. Uchambuzi wenu uliwaweka wote kapu moja.

Ngoja nikae kidogo Seattle, maana kisa chao kina pande zote mbili. Mwaka 2009 walimchagua Aaron Curry wa Wake Forest akiwa wa nne katika drafti nzima. Alikuwa ameshinda tuzo ya Butkus ya linibeka bora wa vyuo, na wachambuzi wengi walimwona kuwa chaguo lisilo na hatari. Mwaka 2011 timu hiyohiyo ikamchukua K.J. Wright katika raundi ya nne, wa 99, na Malcolm Smith katika raundi ya saba, wa 242. Msimu huo haukuwa umefika mbali kabla Wright hajachukua nafasi ya Curry, na Oktoba Curry akauzwa Oakland kwa chaguzi za raundi za chini. Wright alidumu Seattle misimu kumi. Smith je? Kocha Pete Carroll alikuwa amemfundisha chuoni USC, akijua anachochukua hata kama wengine hawakukiona. Februari 2014, katika Super Bowl, yaani fainali ya ligi, dhidi ya Denver, Smith alidaka pasi ya Peyton Manning, mrushaji wa Denver, na kukimbia nayo yadi 69 hadi mwisho wa uwanja. Seattle wakashinda 43 kwa 8, na tuzo ya mchezaji bora wa mechi ikaenda kwa yule wa 242.

Hata hivyo, tukiwataja Thomas na Smith pekee tutakuwa tunawadanganya wasomaji. Kila Agosti vijana wa raundi ya sita na ya saba huachwa kwa wingi, na hakuna anayewaandikia makala. Ndiyo maana swali la pili ni muhimu kuliko yadi 40 za jaribio la mbio amezikimbia kwa sekunde ngapi: kazi yake ya kwanza itakuwa ipi? Karibu kila mara jibu ni vikosi vya mikwaju, yaani wale wanaoingia mpira unapopigwa kwenda upande mwingine na wanaomkinga anayeupokea. Linibeka wa akiba asiyeweza kukimbia uwanja mzima na kumwangusha mtu aliye kasi hana pa kukaa. Hapa Kenya tuna mfano wetu. Daniel Adongo, mchezaji wa raga kutoka Nairobi, hakupitia drafti kabisa. Indianapolis Colts walimsajili mwaka 2013 kama linibeka, na Desemba ya mwaka huo akaingia uwanjani kwa mara ya kwanza, kupitia vikosi hivyohivyo. Aliachwa mwaka 2015. Mwili alikuwa nao, na kuangusha mtu alikuwa anajua tangu raga. Kilichobaki, kusoma mchezo ambao hakukulia ndani yake, hakifundishwi kwa misimu miwili.

Isitoshe, thamani ya kazi hiyo imepanda. Tangu 2024 mkwaju wa kuanzia mchezo umebadilishwa: wachezaji kumi wa upande unaopiga husimama karibu na wapinzani, hawaruhusiwi kusogea mpaka mpira udakwe au uguse ardhi. Mbio ndefu zimepungua, kukabiliana ana kwa ana kumeongezeka, na mikwaju inayorudishwa imekuwa mingi. Mtu wa umbo la linibeka, mzito kiasi na mwepesi kiasi, anafaa hapo. Timu inayomchukua mmoja katika raundi ya sita inaweza kuwa imetafuta hilo tu, na ikilipata imefaidika.

Baada ya hapo ndipo tuulize kama anaweza kubaki uwanjani mpira unaporushwa. Siku hizi timu hutumia muda mwingi zikiwa na walinzi watano wa nyuma na linibeka wawili tu. Nafasi ni mbili, na mara nyingi mmoja wa hao ni nyota anayelipwa fedha nyingi. San Francisco walikuwa na Fred Warner walipomchukua Dre Greenlaw katika raundi ya tano mwaka 2019, na mwaka huohuo ni Greenlaw aliyemsimamisha Jacob Hollister wa Seattle sentimita chache kabla ya mstari wa kufungia katika mechi ya mwisho ya msimu, wakatwaa ubingwa wa kundi lao. Kukaa kando ya mtu kama Warner ni nusu ya elimu. Kwa hiyo tazameni pia nani yuko mbele ya kijana na mkataba wake unaisha lini, kwa sababu wa kwake ni wa miaka minne.

Ombi langu ni dogo. Mwisho wa Agosti, timu zitakapopunguza wachezaji kutoka 90 hadi 53, chapisheni tena orodha ileile ya linibeka, na kando ya kila jina andikeni amepangwa katika vikosi vingapi vya mikwaju. Ile nafasi ya alama za A na B mnaweza kuipa Kenya Cup, ligi yetu ya raga, ambayo msimu uliopita mliiandikia mistari michache sana.

Msomaji wenu,
Nakuru