Kabla Mvua Haijaanza: Barua kwa Rafiki Anayelima Mjini

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na natumaini barua hii itakukuta wewe na watu wa nyumbani mkiwa wazima. Sisi huku hatujambo. Barua yako niliisoma mara mbili, hasa pale unaposimulia jinsi miche yako ya nyanya ilivyoanguka mmoja baada ya mwingine ndani ya siku nne, shina likiwa limesinyaa usawa wa udongo kana kwamba limekazwa kwa uzi. Ndugu yangu, usiulaumu mkono wako. Hicho ni kinyausi, ugonjwa wa ukungu ulio katika udongo, nao hushamiri pale miche inaposongamana, kitalu kinaposhinda kimeloa na hewa isipopita. Wewe ulisia mbegu mvua ikiwa imekwisha kukolea, kisha jioni ukaongeza maji ya kopo juu yake.

Ndiyo sababu nakuandikia sasa, jua lingali kali. Wengi wetu tulimao mjini hungoja mvua inyeshe ndipo tushike jembe, na hapo tumekwisha kuchelewa. Miche ya nyanya hukaa kitaluni wiki nne hadi sita, kwa hiyo anayetaka kuipandikiza wakati mvua imetulia hana budi kusia mbegu kiangazi, chini ya kivuli chepesi, ambapo kiasi cha maji anakipima mwenyewe. Sia kwa mistari wala usimwage ovyo. Fukia mbegu kwa kina cha mara mbili au tatu ya unene wake, na mwagilia asubuhi ili uso wa udongo ukauke kabla ya usiku. Wiki ya mwisho punguza maji na uondoe kivuli kidogo kidogo, miche izoee jua kabla ya kuhamishwa.

Matuta nayo hubadilika na majira. Wakati wa mvua yainue, maji yasituame kwenye mizizi. Wakati wa ukame fanya kinyume chake, panda katika vijishimo vilivyozama ili kila tone libaki pale lilipoangukia, kisha tandaza nyasi kavu, ukiacha nafasi ya vidole viwili kuzunguka shina. Mimea ya kwenye ndoo hukauka upesi kuliko ya ardhini, nayo huitazami kwa macho: ingiza kidole hadi kiungo cha pili, na kikitoka kikavu, mwagilia. Kuhusu maji, usidharau paa lako. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, hivyo paa la mita za mraba 20 likipata mvua ya milimita 10 linaweza kukupa karibu lita 200. Maji ya mwanzo yaache yapite, kwa kuwa yanaosha vumbi na vinyesi vya ndege, na pipa lifunikwe, usije ukafuga mbu.

Umeniambia kwamba kila kitu ulikinunua, hata mbolea. Hapo nilisikitika kidogo, maana mjini vitu vingi vya bustani hutupwa, na anayeuliza hupewa. Wauza mboga hubaki na majani na maganda kila jioni, na wafugaji wa kuku mara nyingi hushukuru mtu akiwaondolea samadi. Ila usirudie nililolifanya mimi, niliyeimwaga samadi ya kuku ikiwa mbichi tutani, nikatazama mchicha wote ukiungua kuanzia ncha za majani. Ichanganye kwanza kwenye lundo la mboji: sehemu mbili au tatu za vikavu, kama majani makavu, kwa sehemu moja ya vibichi. Chomeka kijiti kirefu hadi katikati ya lundo. Ukikichomoa baada ya muda kikiwa cha moto, kazi inaendelea, na kikiwa cha baridi, pindua lundo, na kama limekauka, linyunyizie maji.

Mbegu pia si lazima uzinunue kila msimu. Waulize wakulima wa mtaani kama wanabadilishana, lakini hakikisha si chotara, kwani mbegu utakayotunza kutoka kwa chotara haitazaa kama mama yake. Mbegu za nyanya ziloweke pamoja na ute wake siku mbili au tatu, zioshe, kisha zianike juu ya sahani. Juu ya karatasi zitaganda.

Kuhusu kile kikundi kinacholima kiwanja cha pamoja karibu na kwako, mimi ningejiunga. Utapata kuazima jembe na mpira wa maji, na zaidi ya hapo utapata watu waliokwisha kukosea kabla yako, jambo ambalo hakuna duka linaloliuza. Uliza mapema nani analipa maji, zamu ya kumwagilia ikoje, na kama ruhusa ya kutumia kiwanja imeandikwa, maana kiwanja cha maneno matupu hugeuka eneo la ujenzi mboga zikiwa bado mbichi. Mtafute pia afisa ugani wa eneo lako. Wengi hudhani yupo kwa ajili ya wakulima wa vijijini tu, kumbe anaweza kukuelekeza mahali pa kupima udongo.

Na udongo huo upimwe kweli. Penye gereji ya zamani, au kando ya kuta zinazobanduka rangi ya miaka mingi, ardhi inaweza kuwa na risasi, madini yenye sumu, na kuosha mboga hakutoshi. Mahali pa namna hiyo ni heri kupanda kwenye magunia yenye udongo ulioletwa kutoka kwingine.

Kwa hiyo, kabla hujabeba hata karai moja la udongo, waulize wazee wa hapo kiwanja kile kilikuwa nini zamani, kisha uniandikie. Ndani ya bahasha hii nimekuwekea mbegu za nyanya nilizozitunza msimu uliopita. Zisie wiki hii.

Wasalaam,
Rafiki yako wa siku zote