Petroli na mafuta ya taa yasikae dumu moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wauza petroli ya chupa wa huku Pemba na wavuvi wanaoinunua. ZURA, mamlaka inayosimamia mafuta, umeme na maji Zanzibar, nao wakisoma, nitashukuru.

Kuna kauli imezagaa madikoni kwamba petroli na mafuta ya taa ni mamoja, kwa hiyo ukitia taa kidogo kwenye petroli haidhuru. Ushahidi wanaotoa ni kuwa yote yametoka kwenye mafuta ghafi. Ni kweli yametoka huko. Lami ya barabara nayo imetoka huko huko, lakini sijaona mtu akiitia kwenye tangi la mashine.

Mafuta ghafi ni mchanganyiko wa maelfu ya kemikali, nyingi zikiwa za kaboni na haidrojeni tu. Kinachozipambanua zaidi ni wingi wa kaboni zilizoshikana. Zenye kaboni tatu au nne ndizo gesi ya kupikia. Petroli huanzia nne au tano mpaka kumi na mbili hivi, mafuta ya taa kumi mpaka kumi na sita, na dizeli hupanda hadi ishirini na kitu. Chache zikishikana, mafuta huruka upesi yakawa mvuke. Zikiwa nyingi, yanahitaji moto mkali zaidi. Kwa hiyo kiwandani ghafi hupashwa moto mpaka nyuzi 350 hivi, ikaingizwa kwenye mnara mrefu, na kila aina ikakingwa mahali pake: petroli juu, taa na mafuta ya ndege katikati, dizeli chini yao, na mazito yakabaki chini kabisa. Kazi hiyo haifanyiki kwetu. Hata kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kiliacha kusafisha ghafi mwaka 2013. Mafuta huletwa na meli yakiwa yameshatenganishwa. Kisha mtu anakaa nyuma ya duka na faneli, anayarudisha pamoja!

Mimi ni fundi wa mashine za boti na uchafu wa mchezo huu ninauona kwenye plagi, ile inayotoa cheche za kuwasha mafuta ndani ya mashine. Plagi ya mashine iliyonyweshwa petroli safi hutoka na rangi ya kahawia. Iliyonyweshwa mchanganyiko hutoka nyeusi, ina masizi yenye majimaji, na ukiinusa unapata harufu ya kibatari. Taa haiwahi kuwa mvuke wote kabla ya cheche, basi inaungua nusu na nyingine inabaki. Halafu kuna kugonga, yaani mafuta kujiwakia kabla ya wakati wake. Petroli hupimwa kwa okteni, yaani uwezo wake wa kustahimili mgandamizo bila kujiwakia yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Petroli ya kituoni ni 90 na zaidi. Mafuta ya taa yako chini mno. Ukiyachanganya, mashine inagonga, pistoni inapata joto na kula kingo zake.

Wavuvi watanijibu kwamba zipo mashine zinazotumia taa. Zipo, na ni nzuri. Lakini hizo zimeundwa hivyo tangu kiwandani, mgandamizo wake ni mdogo, na zenyewe huwashwa kwa petroli kwanza, zikishapata moto ndipo zinageuziwa taa. Ya kwako si hiyo. Nayo ikikuzimikia katikati ya mkondo wa Pemba wakati wa kusi, upepo na maji vyote vinakuelekeza Kenya.

Ila kinachonitia hofu zaidi ni kinyume chake, petroli kuingia kwenye mafuta ya taa. Dumu lililokuwa na petroli asubuhi linajazwa taa mchana bila kukaushwa. Mvuke wa petroli hushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Mafuta ya taa, kwa viwango vinavyotumika sehemu nyingi duniani, hayatakiwi kutoa mvuke wa kushika moto chini ya nyuzi 38. Sasa dukani kwetu mchana wa kaskazi joto linafika 32. Usalama wa kibatari na stovu umesimama kwenye hizo nyuzi chache, na petroli kidogo tu iliyobaki kwenye dumu inazimaliza. Mama anawasha stovu kama kila siku, inamripukia.

Na hizi chupa za maji ya kunywa! Mtoto mwenye kiu haulizi kilichomo ndani. Akinywa asitapishwe, maana mafuta yakipanda tena huingia mapafuni, akimbizwe hospitali.

Tanzania Bara walianza kutia vinasaba, yaani kemikali za alama za kugundulia mafuta yaliyochanganywa, mwaka 2010, na mwaka 2011 wakapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuchanganya kusiwe na faida. Mimi naomba jambo dogo kuliko hayo. ZURA hututangazia bei kila mwezi. Basi iwatume watu na haidromita, kifaa cha kupima uzito wa mafuta ukilinganishwa na wa maji, mpaka kwa wauza chupa wa vijijini, si vituoni peke yake. Kwenye nyuzi 15 petroli husoma kati ya 0.72 na 0.78, taa hukaribia 0.80, kwa hiyo mtu mwenye haidromita, kipimajoto na jedwali lake anamaliza duka moja kwa dakika chache. Na madumu yapakwe rangi: jekundu la petroli, buluu la taa, lisiazimwe.

Kwa anayenunua leo jioni, achukue karatasi nyeupe, adondoshee tone moja na kusubiri mbali na moto. Petroli safi huruka yote. Yenye taa nyingi huacha doa la mafuta. Ukiliona, irejeshe hapo hapo kabla hujaimimina kwenye tangi, kwa sababu ikishachanganyika na ya kwako muuzaji atasema taa ulitia mwenyewe.

Fundi wa mashine za boti,
Mkoani, Pemba