Nguo aliyoikataa Washington

Tanga, Jumapili jioni

Mwanangu mpenzi,

Picha uliyoipiga huko jumba la picha, ya mchoro wa George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, imefika. Umeniandikia, "Mama, we fundi cherehani, tazama nguo." Nimetazama: suti nyeusi ya mahameli, lesi kwenye mikono, soksi ndefu. Uliposema hiyo ni picha ya Kirumi nilicheka, maana Mrumi gani huyo?

Halafu nikaikuza kwenye simu. Kumbe mguu wa meza umechongwa tita la fimbo, alama ya mamlaka ya watawala wa Roma. Nyuma nguzo nene. Na mkono ule ulionyooshwa ni wa msemaji wa Kirumi anayehutubia. Mchoraji Gilbert Stuart, mwaka 1796, alimwachia mzee nguo zake, Roma akaipenyeza kwenye samani.

Mchoraji mwingine, Peale, hakupenyeza kitu, aliivalisha Roma waziwazi. Huyo nampenda kwa sababu alianza na ufundi wa matandiko ya farasi kabla ya kushika brashi. Mwaka 1768, akiwa London, alimchora William Pitt, mwanasiasa wa Kiingereza aliyewatetea Wamarekani kwenye ugomvi wa kodi, akamzungushia vazi la Kirumi kama mgolole. Kwa baridi ile! Lakini wasomi wa enzi zile walikulia kwenye vitabu vya Kilatini. Mtu akichorwa hivyo, walijua wanaoneshwa mtetezi wa uhuru.

Washington mwenyewe hakutaka. Mwaka 1786, mchongaji Mfaransa Houdon alipokuwa akiandaa sanamu yake, Washington alimwandikia Jefferson, mwanasiasa mwenzake, kwa adabu kabisa kwamba kung'ang'ania mavazi ya kale huenda kusifae, bora ya siku hizi. Alikuwa amesikia mchoraji Benjamin West ameanza kuchora mashujaa na makoti yao. Basi Houdon akamchonga na sare ya jeshi, ila nyuma yake akaweka plau! Hapo ni Cincinnatus, Mrumi aliyeitwa kutoka shambani kwenda vitani, akashinda, akarudi kulima. Ukimfungia Mrumi mlango, atapita dirishani.

Roma ilikuwa na watumwa, na shamba la Washington pia. Kwenye picha yako simwoni hata mmoja.

Alipokufa, hakukuwa na wa kukataa tena. Mchongaji Greenough akamchonga kwa marumaru, kazi ikakamilika 1840: kifua wazi, ndara miguuni, kakaa kama sanamu ya Zeus, mungu wa Wagiriki wa kale, kule Olympia. Watu wakamcheka sana. Mimi sikucheka kwa kile kifua, nilitazama shuka. Kulikunja jiwe likaonekana kitambaa si kazi ndogo.

Sanamu hiyo iko hukohuko kwenye jiji la Washington, jumba la historia. Ukipata nafasi zunguka nyuma yake, unipigie picha ya bega. Nataka kuona shuka lile limeshikiliwa na nini.

Baba yako anakusalimu. Vaa koti.

Mama yako