Risala ya watafiti vijana kwa Mgeni Rasmi katika kongamano la kisayansi kuhusu utafiti wa seli za haidrojeni na uingizaji wake sokoni

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Wenyeviti wa vikao, wahadhiri wetu, wawakilishi wa kampuni na wageni waalikwa,

Kwa niaba ya wanafunzi wa shahada za uzamili na uzamivu wanaoshiriki kongamano hili, tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko na kukubali kutusikiliza kabla ya vikao kuanza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, teknolojia ya seli za haidrojeni inayojadiliwa hapa, yaani vifaa vinavyotoa umeme kwa kuunganisha haidrojeni na oksijeni, ina umri mkubwa. Mwaka 1839 mwanasayansi William Grove alikwishaonyesha nchini Uingereza kuwa haidrojeni na oksijeni huweza kutoa umeme bila kuunguzwa, na wanaanga wa Apollo, mpango wa Marekani wa kwenda mwezini, waliutumia umeme wa seli za aina hiyo na kuyanywa maji yaliyotokana nazo. Toyota ilianza kuuza gari la Mirai, linaloendeshwa kwa seli hizo, nchini Japani mwezi Desemba 2014. Hata hivyo magari hayo bado ni machache mno, na mwaka 2024 kampuni ya Shell ilifunga vituo vyake vya kujazia haidrojeni magari madogo katika jimbo la California. Gari lilikuwa tayari. Kilichokosekana ni haidrojeni ya bei nafuu na vituo vya kutosha. Ndiyo maana tunaamini kuwa mtafiti anayeishia kwenye seli peke yake, bila kuuliza gesi itatoka wapi na nani atailipia, amefanya nusu ya kazi.

Katika maabara, seli moja ikifanya kazi hutoa takriban volti 0.7 tu, hivyo hatuna budi kupanga seli kama 20 kwa mfululizo ili kupata umeme wa kuchaji betri ya volti 12. Utando unaotenganisha gesi hizo mbili ni mwembamba kama karatasi, na sharti ubaki na unyevu: ukikauka hupitisha umeme kwa shida, na maji yakizidi huziba njia za gesi. Tukikaza bolti zinazobana seli upande mmoja kuliko mwingine, gesi huvuja. Hayo tunayamudu. Kinachotushinda ni jaribio la uimara, kwa kuwa lengo lililowekwa na Wizara ya Nishati ya Marekani ni saa 5,000 kwa gari dogo na saa 25,000 kwa basi, ilhali sisi, watafiti wa umeme, majaribio yetu hukatishwa na kukatika kwa umeme.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatudai kuwa seli hizi zinafaa kila mahali. Umeme ukigeuzwa kuwa haidrojeni kisha ukarudishwa kuwa umeme, kinachobaki ni takriban theluthi moja, kwa hiyo penye gridi ya uhakika, au panapotosha betri, hakuna sababu ya kuhangaika nazo. Sisi tunautazama mnara wa simu au zahanati iliyo mbali na gridi, ambako jenereta ya dizeli hulazimika kufanya kazi saa nyingi na mafuta husafirishwa kwa gharama kubwa. Tunautazama pia mkakati wa haidrojeni ya kijani, yaani inayozalishwa kwa umeme wa nishati jadidifu, uliozinduliwa na Kenya mwaka 2023, ambao umetanguliza mbolea, kwani haidrojeni ni malighafi yake. Kiwanda cha mbolea kikishazalisha haidrojeni kwa wingi, mteja mdogo wa seli naye anaweza kupata pa kununulia.

Kutokana na hayo, tunaomba utusaidie kupatikana kwa maabara moja ya pamoja ya majaribio ya muda mrefu, yenye umeme wa akiba, itakayotumiwa na vyuo vyote badala ya kila chuo kununua vifaa vyake. Tunaomba pia viwango vya usalama wa mitungi ya haidrojeni viandaliwe mapema, kwani tangi la Mirai hujazwa kwa shinikizo la bar 700, yaani takriban mara 700 ya shinikizo la hewa ya kawaida, na hakuna mwekezaji makini atakayeleta mtungi wa namna hiyo mahali pasipo na mkaguzi wake. Mwisho, tunaziomba kampuni zilizopo ukumbini zituruhusu kufunga seli zetu kwenye minara michache, sambamba na jenereta zilizopo, ili gharama zilinganishwe kwa takwimu za hapa hapa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.