Risala ya kikundi chetu cha akina mama kwa mgeni rasmi: kibofu kipimwe kwanza

Dokta mgeni rasmi, mwenyekiti, akina mama wenzangu na hao waume wawili watatu waliothubutu kuja, hamjambo.

Dokta, sisi tunavuja mkojo, nalisema hivyo hivyo maana tumechoka kuzungukazunguka. Ila kuvuja kwetu hakufanani. Kuna anayevuja akipiga chafya, kuna anayebanwa ghafla asifike chooni, na kuna ambaye misuli ya kibofu imechoka, haina nguvu ya kusukuma mkojo wote utoke, kinajaa mpaka kinafurika, na huyo ndo anakosewa sana maana ukimwangalia anafanana na sisi wengine.

Mwenzetu mmoja ana sukari ya miaka mingi. Alipewa vidonge vya kutuliza kibofu ndo akazidi kukwama, anaminya tumbo, yanatoka matone. Siku moja nesi akamwambia nenda kakojoe umalize kabisa, karudi wakampiga utrasaundi hapo hapo, ndani zimebaki mililita 350! Na yeye anaapa kamaliza. Kipimo chenyewe ni dakika chache tu wala hakiumi.

Lakini mabaki ya mkojo peke yake hayatoshi kusema misuli imechoka, maana hata njia ikiziba mkojo utabaki. Hapo ndo inatakiwa ile mashine ya kupima presha ya kibofu: mpira mwembamba kwenye kibofu, mwingine njia ya haja kubwa ili presha ya tumbo itolewe kwenye hesabu, maji yanaingizwa taratibu, halafu unaambiwa haya kojoa, mbele za watu (mkojo wenyewe unagoma kwa aibu, na mpimaji asiye makini anaandika kibofu dhaifu). Presha ndogo na mkojo unachechemea, misuli imechoka. Presha kubwa na mkojo hautoki vizuri, kuna kizuizi. Ila wanawake wengine tunakojoa kwa kulegeza tu misuli ya nyonga, presha ndogo na mkojo unatoka wote bila shida, huyo msimpe ugonjwa.

Maombi yetu, Dokta. Kila mama anayevuja apimwe mabaki kabla ya kupewa vidonge, na anayetaka operesheni ya kuwekewa utepe chini ya njia ya mkojo ili usivuje aangaliwe kwanza kibofu kinasukuma vipi, maana kikiwa dhaifu halafu ukaibana njia anaweza kurudi nyumbani na mpira wa kutolea mkojo. Halafu, tafadhali sana, chumba cha kupimia kiwe na pazia na watu watoke mama anapokojoa.

Naomba kuwasilisha.