Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Misiba, michango ya wagonjwa, Idi, Krismasi na darasa la Kiswahili la Jumamosi, yote yalifanyika na mnayajua. Ada ilileta dola 1,860 na mauzo ya chakula dola 1,150. Tumetumia dola 2,700, salio ni dola 310.

Nieleze uamuzi uliolalamikiwa, wa kufuta tafrija ya Desemba ili tumlipe mratibu wa vijana anayezungumza Kihispania, dola 18 kwa saa, saa 4 kwa wiki, wiki 30. Wapo waliouliza Walatino, yaani watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, wanatuhusu nini. Hapa Gulfton, Houston, watoto wao na wetu wanapanda basi moja la shule na kulala jengo moja.

Vipeperushi vya Kihispania vya kuwaalika watoto hao kwenye vikundi vyetu vya vijana havikuleta mtu. Kilichowafukuza ni fomu ya kujiandikisha ya kurasa 4 iliyodai namba ya Hifadhi ya Jamii (Social Security), ambayo asiye na hati za ukaazi kwa kawaida hana. Mzazi asiye na hati akiiona, harudi tena. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1982, katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe iliyotoka hapa hapa Texas, kwamba shule ya umma isimfungie mlango mtoto kwa kukosa hati. Sisi namba hiyo ni ya kazi gani? Nilisimama kidete mpaka fomu ikabaki ukurasa mmoja: jina, umri, mzio, simu ya dharura, na watu 2 wanaoruhusiwa kumchukua mtoto. Mratibu huisoma pamoja na mama. Mtoto hatumpi kazi ya kutafsiri, maana huruka linalomtia haya. Familia za Guatemala zinazozungumza Kimam, lugha ya Wamaya, hata Kihispania hakiwatoshi. Hao hutumiwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp uliorekodiwa na jirani yao.

Muda wa kuanza vikundi nao tuliusogeza mbele, kutoka saa 10 hadi saa 12 na nusu jioni. Dada wakubwa hulea wadogo mpaka mama atoke kazini, kwa hiyo wadogo pia tuliwaruhusu, wakae meza ya kuchora. Hapo ndipo wasichana walipoanza kuja. Wazazi wanaotaka kujitolea lakini wanaogopa kuchukuliwa alama za vidole hupewa kazi za jikoni, bila kuachwa peke yao na watoto.

Kinachoniuma ni hiki: tupo wanachama 84, waliolipa ada ni 31, waliofika mkutano mkuu ni 22. Waliopinga kwa sauti kubwa, wengi hawamo katika hao 31. Tafrija angeigharamia nani?

Mwakani, Mungu akijalia, tunatarajia ufadhili, ukumbi mkubwa zaidi, na vijana wa Kilatino wenyewe kuongoza vikundi. Ada ni dola 60. Mweka hazina anapokea hata kwa awamu 2.

Mwenyekiti